Kama Si Sifuri, Rudi

Mashine ya saba ilijaa maji, ikazungusha ngoma mara moja tu, kisha ikayatapika yote kama mtoto aliyelazimishwa kunawa uso. Kamanda akafungua mlango wa kioo, akachomoa shuka moja na kulitandaza mbele yangu. Limeloa, lina povu, na doa liko palepale lilipokuwa.

"Umeona, Fundi? Inagusa, inaacha. Leo siku ya tatu."

Kamanda hajawahi kuwa askari, hata wa getini. Ni msimamizi wa kiwanda cha kufulia, na jina hilo alibandikwa na wapiga pasi kwa sababu ya filimbi anayoivaa shingoni. Nyuma yake mashuka ya hospitali yalikuwa yamerundikwa mpaka usawa wa kiuno. Mashine nyingine sita zilinguruma kwa raha zao. Hizo zilishabadilishwa bodi, moja baada ya nyingine, na vijana wa makampuni. Ya saba peke yake ndiyo iliyobaki na ubongo alioutengeneza mama yangu.

Bosi, mwenye kiwanda, alisimama pembeni amefumbata mikono. Kando yake alikuwepo mwanamume mwenye tai aliyekuja kuuza bodi mpya. Mvuke wa mle ndani ulikuwa umeshaanza kuinyong'onyeza ile tai.

"Ni kosa la programu," mwenye tai akasema. "Aliyeiandika aliandika kwa mkono, nambari kwa nambari. Vitu vya namna hii ni vya mtu mmoja. Mwenyewe akifa, navyo vinaanza kufa."

"Aliyeiandika ni mama yake huyu," Kamanda akamnong'oneza, kwa mnong'ono uliofika mpaka kwenye meza za pasi.

"Ah. Pole, dada."

"Imefua miaka kumi na tisa," nikamjibu. "Nambari hazina nyama, haziozi."

Bosi akatazama saa ya ukutani. "Sasa saa tatu. Nakupa mpaka saa kumi. Ikifua, ibaki. Isipofua, huyu bwana anang'oa sanduku lote, na mimi naandika kwenye faili kwamba programu ilikuwa na kosa. Hospitali wanataka sababu. Lazima niwape sababu."

Nikapanda juu ya kreti. Sanduku la bodi limefungwa ukutani, karibu na dirisha kubwa linalotazama mashariki. Mfuniko wake haukuwepo, nikadhani wameniondolea ili nisipoteze muda. Nikaingiza bisibisi bapa chini ya chipu iliyobeba programu ya mama, nikaiinua taratibu, upande huu kidogo, upande ule kidogo, mpaka ikaachia. Ni kitu cha urefu wa kidole cha mwisho, kina miguu ishirini na minne kama tandu. Nikaifunga kwenye karatasi ya fedha, ile nyembamba inayong'aa, na kuitia mfukoni.

Miaka kumi na tisa ya mama yangu ilikuwa imeingia kwenye mfuko wa shati. Nilipita barabarani nimeubana kwa kiganja, kama mtu anayeficha doa la wino.

*

Karakana yangu ni chumba kimoja juu ya duka la viatu. Kina meza ndefu, taa ya kukunja, kompyuta kuukuu yenye kifaa cha kusomea chipu, na viti viwili. Kimoja ni changu. Kingine, cha mama, nilikigeuza kikatazama ukuta tangu alipofariki, miezi minne sasa, maana kiti kitupu kinachokutazama kina maneno mengi.

Nikaisoma chipu, nikachapa nambari zake zote kwenye karatasi. Mia sita na kumi na nne. Daftari la mashine hii lilishaharibika zamani, dari lilipovuja mvua mbili zilizopita. Mama aliyaanika majani yake juu ya waya, yakakauka yameshikana kama mkate wa juzi. Akacheka tu. "Si imo ndani ya chipu? Tutanakili siku nyingine." Hiyo siku nyingine hatukuifikia, na nakala sikuwa nayo.

Kwa hiyo kilichobaki ni kuisoma programu kwa njia yake, ile ya vikombe na vifungo.

Alinifundisha nikiwa na miaka tisa. Watoto wenzangu walikuwa nje wanaruka kamba, mimi niko chini ya meza hii na kopo la vifungo vya mashati. "Prosesa," alikuwa akisema, "ni mjinga mwenye kidole. Usiiogope." Kidole chake kiko juu ya nambari moja tu. Inaichukua ile nambari, inajiuliza maana yake nini, inaifanya, inasogeza kidole. Chukua, elewa, fanya, sogea. Haikumbuki imetoka wapi wala haijui inakwenda wapi. Haijui kama inafua mashuka au inaongoza ndege. Lakini inarudia hivyo mara laki kadhaa kwa sekunde moja, ndiyo maana watu wakadhani ina akili.

Ule mchezo ulihitaji watu wawili. Mmoja ni Msomaji: ana karatasi, ana kidole, anataja nambari moja kisha ananyamaza mpaka aombwe nyingine. Wa pili ni Mtendaji: ana vikombe, kila kikombe na herufi yake, na haruhusiwi kuiona karatasi. Mama hakukubali kabisa nichungulie. "Prosesa haichungulii, mwanangu. Inasubiri iambiwe."

Somo langu la kwanza nilikuja kulijua kuliko jina langu: sita, thelathini, mia mbili na tano, tisini na sita, moja, tano, thelathini na mbili, mia mbili hamsini.

Sita maana yake: chukua nambari inayofuata, uiweke kwenye kikombe B. Inayofuata ni thelathini, basi nilihesabu vifungo thelathini nikavitia. Mia mbili na tano maana yake: nenda kwenye anwani nitakayokutajia, fanya kazi utakayoikuta huko, kisha urudi hapahapa. Tisini na sita pamoja na moja ndiyo hiyo anwani, na kazi yenyewe ni kuizungusha ngoma mara moja. Tano: toa kifungo kimoja kwenye kikombe B. Thelathini na mbili: kama kikombe hakijafika sifuri, rudi nyuma. Mia mbili hamsini ndiyo idadi ya hatua za kurudi, nayo maana yake ni sita.

"Mbona mia mbili hamsini iwe sita?" niliuliza siku ile.

"Kwa sababu nambari zetu zinaishia mia mbili hamsini na tano, halafu zinaanza tena sifuri, kama saa inavyotoka kumi na mbili ikaingia moja. Ukitaka kurudi nyuma hatua sita, unazunguka mbele hatua mia mbili hamsini. Ni njia ndefu ya kurudi nyumbani, lakini unafika."

Ngoma ikazunguka, kifungo kikatoka, nikarudi. Ngoma, kifungo, nikarudi. Mara thelathini. Kikombe kilipokuwa kitupu, mama akapiga makofi: sasa kumwaga maji! Hicho kipande alikiweka kwenye kila mashine aliyoitengeneza. Alikiita "salamu," maana huwezi kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi.

*

Tatizo la kucheza peke yako ni kwamba unajua kinachokuja.

Nilipanga vikombe vyangu saba mezani. Nikashika karatasi kwa mkono wa kushoto, vifungo kwa wa kulia. Nikajitajia nambari, nikajitii. Nilipofika kwenye salamu sikuwa na haja ya kusoma. Midomo iliitoa yenyewe, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa huku anawaza mboga ya jioni. Nikapita. Mashaka yangu yote niliyapeleka kwingine: kwenye kazi ya kuzungusha ngoma, kwenye kile kipande kinachopima kina cha maji, kwenye kile kinachosubiri mlango ufungwe. Nikaichimba kila nambari kama mtu anayetoa mwiba.

Mara ya kwanza, programu ilifua vizuri kabisa. Vikombe vilikubali, ngoma ya kichwani mwangu ikazunguka mara thelathini, maji yakatoka.

Mara ya pili, vilevile.

Mara ya tatu nikaanza kupata kizunguzungu. Kwenye karatasi mashine ilikuwa nzima. Kule kiwandani ilikuwa inatapika maji. Ilikuwa saa sita na nusu. Chini, muuza viatu alikuwa anabishana na mteja juu ya kisigino, na mimi nikatamani hata hayo mabishano yangekuwa yangu. Tangu nimwache Bosi sikuwa nimesema neno ila nambari.

Simu ikalia.

"Umefika wapi?" Kamanda.

"Nasoma."

"Tangu asubuhi unasoma? Kitabu gani hicho kisichoisha?"

"Kamanda, niache nimalize."

"Mimi nakuacha. Bosi ndiye hakuachi. Huyu mwenye tai ameshaleta kisanduku chake, amekiweka pale mlangoni kama posa."

Nikakata simu. Nikavimimina vifungo vyote kwenye kopo na kuanza upya.

*

Saa saba na nusu mlango uligongwa, na kabla sijaitikia ukafunguka. Alikuwa Mama Mvuke, mkubwa wa wapiga pasi, mwanamke mpana mwenye mikono myekundu mpaka viwiko. Amepiga pasi pale tangu mashine zilipokuwa mbili.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimetumwa nikuangalie kama umelala." Akahema, akajipepea kwa leso. "Ngazi zako hizi ni za mbuzi. Mtu anakaa wapi humu?"

Sikupata hata nafasi ya kujibu. Alishakishika kiti cha mama, akakigeuza kwa mkono mmoja, akajitupa juu yake. Kiti kikalia. Mimi nikabaki nimenyoosha mkono hewani kama mtu anayezuia gari.

"Nini?"

"Hakuna."

Akatazama meza. "Sasa ndiyo kazi hii? Nilidhani unatengeneza mashine. Kumbe unashona!"

"Vifungo ni vya kuhesabia."

"Na vikombe?"

"Ni... ni kumbukumbu za prosesa. Zile inazoshika mkononi."

"Saba tu? Mimi mwenyewe nasahau vitu zaidi ya saba nikiwa napanda ngazi." Akacheka mwenyewe, kisha akaacha, akanitazama vizuri. "Umekula?"

"Bado."

"Unaonekana. Na nani anakusaidia?"

Lile swali lilikuwa dogo tu, la njiani, lakini lilinikuta vibaya. Nikajifanya naokota kifungo sakafuni. Nilipoinuka nilikuwa nimeshaamua, na aibu ikanipanda mpaka masikioni, kwa sababu kumwomba mtu kitu nilikuwa nimesahau kunavyofanywa.

"Mama Mvuke, unaweza kunisomea nambari?"

"Mimi? Shule niliishia la saba."

"Ndiyo ninachotaka. Mtu asiyejua inayofuata ni ipi."

"Hee. Mwaka huu nimetukanwa kwa njia nyingi, lakini hii mpya." Alishavuta karatasi lakini, akatoa miwani kifuani, akaifuta kwa leso. "Nambari nazijua. Mashuka elfu tatu kwa wiki nayahesabu mimi. Nianzie wapi?"

"Weka kidole kwenye ya kwanza. Taja moja, nyamaza. Nikisema ndiyo, taja nyingine. Nikikwambia rudi, unarudisha kidole."

Nikageuza kiti changu nikampa mgongo, vikombe mapajani na juu ya kreti. Sikuwa nimekaa hivyo tangu mama alipokuwa hai. Sauti ya mtu nyuma yangu ikaanza kutaja, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayesaini karatasi za serikali. Mlango umefungwa? Ndiyo. Maji yamefika? Ndiyo. Alisoma vizuri. Kila baada ya nambari alikohoa kidogo, kana kwamba anazifungia mlango.

"Sita."

Moyo ukatulia. Salamu. "Ndiyo."

"Thelathini."

Nikavitia vifungo thelathini kwenye B. "Ndiyo."

"Mia mbili na tano." Ndiyo. "Tisini na sita." Ndiyo. "Moja."

Nikaenda kuizungusha ngoma yangu ya hewani, nikarudi. "Ndiyo."

"Tano."

Nikatoa kifungo kimoja. Vikabaki ishirini na tisa. "Ndiyo."

"Arobaini."

"Thelathini na mbili," nikamsahihisha, mkono wangu tayari umeelekea kurudi.

"Arobaini."

"Hapo ni thelathini na mbili, Mama Mvuke."

"Mwanangu, miwani hii nimeinunua kwa hela yangu. Nne, sifuri. Arobaini. Kama ulitaka nyingine ungesoma mwenyewe."

Nikageuka. Kidole chake kilikuwa kimebonyeza karatasi, kucha fupi, ngozi iliyokunjamana kwa maji ya moto. Juu ya kucha ile, kwa wino mweusi, palikuwa pameandikwa 40. Palikuwa pameandikwa hivyo tangu saa nne asubuhi. Mara tatu nilipapita nikiimba.

"Basi ndiye huyo," akasema Mama Mvuke, alipouona uso wangu. "Za mwizi arobaini."

Sikucheka. Nilitazama kikombe B, vifungo ishirini na tisa. Thelathini na mbili husema: kama si sifuri, rudi. Arobaini ni kinyume chake: kama ni sifuri, ndiyo urudi. Na kikombe changu hakikuwa sifuri. Kwa hiyo prosesa haikurudi. Ilizungusha ngoma mara moja, ikatoa kifungo kimoja, ikauliza swali lililogeuzwa, ikapata jibu la kweli kabisa, ikaendelea mbele kwenda kumwaga maji. Inagusa, inaacha. Ilitii kila neno.

"Kwa hiyo mama yako alikosea?" akaniuliza, kwa upole.

"Hapana. Imefua miaka kumi na tisa na thelathini na mbili. Imebadilika."

"Nambari inabadilikaje yenyewe?"

Nikachukua kalamu, nikamchorea taa nane kwa mstari. Ndani ya chipu kila nambari ni taa nane, zinazowaka na zilizozimika. Thelathini na mbili ni taa moja tu inayowaka, ya tatu kutoka kushoto. Arobaini ni ileile pamoja na nyingine moja, ya tano. Taa moja imewaka isiyotakiwa. Na kwenye chipu za aina hii, kuna kitu kimoja kinachowasha taa bila ruhusa.

"Mwanga," nikasema. "Ina dirisha la kioo mgongoni. Ukitaka kuifuta unaianika kwenye mwanga mkali, taa zote zinawaka, inabaki haijui kitu. Ndiyo maana lazima dirisha lizibwe. Mama aliliziba kwa..."

Nikatazama chini. Kikombe B kilikuwa mkononi mwangu.

Kilikuwa kikombe cha chai cha mama. Na ubavuni mwake, palipokuwa na ua zamani, palibandikwa kipande kidogo cha karatasi ya fedha chenye mwandiko wa wino, herufi zake zimelalia kulia kama watu wanaokimbia mvua: *Ya 7. Usinibandue.*

Wiki tatu baada ya maziko, Kamanda aliniita kukaza waya uliolegea. Nilifungua sanduku, na mwandiko wake ukawa hapo, mbele ya uso wangu, wenye haraka, wenye amri. Nyumbani nilikuwa nimeshautafuta kila mahali. Alikuwa mtu wa penseli. Kila kitu kilikuwa kimefutika au kimelowa. Nikasimama juu ya kreti, nikalia kidogo, nikasema: sanduku lina mfuniko, giza lake linatosha. Nikaubandua kwa ukucha, nikaja kuubandika hapa kwa gundi ya karatasi.

Nilimwambia Mama Mvuke yote haya nikitazama kikombe. Akakunja uso.

"Mfuniko, umesema?"

"Ndiyo."

"Mfuniko Kamanda aliuondoa. Mwezi sasa. Sanduku lilikuwa la moto, akasema liachwe lipumue. Jua la asubuhi linapiga humo mpaka saa nne, na madirisha yako wazi." Akavua miwani. "Basi kosa ni lake. Mwambie Bosi hivyo, umalize maneno."

Yangekuwa ya kweli hayo. Nusu ya kweli. Na nusu hiyo ingetosha: mama angekuwa msafi, mimi ningekuwa msafi, na Kamanda ana mgongo mpana.

Nikairudisha chipu kwenye kifaa. Kuwasha taa ni kazi ya mwanga, lakini kuzima moja inawezekana kwa umeme. Nikaichagua ile nambari, nikaichoma upya, nikaisoma. Thelathini na mbili. Nikamwomba Mama Mvuke asome tena karatasi mpya mwanzo mpaka mwisho, akasoma zote mia sita na kumi na nne bila kunung'unika, ila kwamba katikati aliomba maji. Taa nyingine zote zilikuwa mahali pake. Chipu za akiba za kuhamishia programu sikuwa nazo. Chipu hizi hazitengenezwi tena.

Nikachukua utepe mweusi.

"Hivyo hasa," akasema. "Ziba na huo, ubaki na lebo yako."

Nikaukata, nikaupima juu ya dirisha. Kisha nikakumbuka joto la mle ndani, na gundi ya utepe inavyogeuka asali kwenye mvuke. Mwezi mmoja, miwili, ungeteleza. Mama hakuchagua karatasi ya fedha kwa urembo.

Nikakishikilia kikombe juu ya birika mpaka gundi ikalegea. Lebo ilitoka nzima, isipokuwa kona moja, nikairudisha juu ya dirisha la chipu kwa gundi inayostahimili joto.

*

Tulifika saa tisa na robo. Mwenye tai alikuwa amekaa juu ya kisanduku chake. Nikapanda juu ya kreti, nikaipachika chipu, nikabonyeza mpaka miguu yote ikaingia. Mwandiko ukatazama nje. Kamanda akajaza mashuka, akafunga mlango, akapuliza filimbi bila sababu.

Maji yakapanda. Ngoma ikazunguka. Ikasimama kidogo, kama inavyosimama siku zote, sekunde ambayo mtu wa kawaida haioni; ndipo inapouliza. Ikazunguka tena.

"Mbili!" akapiga kelele mpiga pasi mmoja.

"Tatu!"

"Hongera," akasema mwenye tai, akainuka. "Umelipata kosa la mama yako."

Bosi alishatoa kalamu. Faili lilikuwa wazi juu ya kiganja chake.

"Mama hakukosea," nikasema. "Aliweka lebo ya kuzuia mwanga, akaandika isibanduliwe. Mimi nikaibandua. Mwanga ukaingia, nambari moja ikabadilika."

Wapiga pasi wakaacha kuhesabu. Bosi akaniangalia kama mtu anayeangalia risiti ndefu.

"Ukaibandua ya nini?"

"Nilitaka kubaki nayo."

"Lebo?"

"Lebo."

Mama Mvuke alikuwa ameshika nyonga, anamkazia macho Kamanda. Mimi sikumtazama. Nikasikia tu viatu vya Kamanda vikienda upande wa ngazi, na aliporudi alikuwa amebeba mfuniko wa sanduku, umejaa vumbi. Akaufuta kwa mkono wake wa shati, akaniletea mwenyewe juu ya kreti.  Nikaufunga kwa skrubu nne.

"Kwa hiyo niandike nini?" Bosi akauliza.

"Andika: fundi alibandua lebo."

Akaandika. Kalamu yake ilichukua muda kuliko maneno yenyewe. "Mashine ibaki," akasema. "Wewe nitakuita nikikuhitaji."

Naijua sentensi hiyo. Kila fundi anaijua. Mwenye tai akakiinua kisanduku chake, akamfuata Bosi ofisini, wakiongea juu ya zile mashine nyingine sita na nani atakayezihudumia. Wapiga pasi wakarudi kwenye meza zao, mvuke ukapanda. Nilibaki mimi na mashine ya saba.

Nilihesabu. Sikuwa na sababu, nilishajua itafika. Kumi na tano. Kumi na sita. Nyuma ya ule mfuniko kidole kilikuwa kinapita juu ya nambari za mama, moja, moja, bila kumjua aliyeziandika wala aliyesimama nje.

"Imefika ngapi?" Mama Mvuke akapaza sauti kutoka kwenye pasi.

"Ishirini na mbili!"

"Mimi nilidhani ishirini na tatu!"

"Ishirini na mbili!"

Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini. Ngoma ikasimama, na safari hii haikurudi. Maji yakaanza kushuka, yakitoa sauti ile ya kujikwangua koo. Nikafungua, nikachomoa shuka, nikalitandaza kwenye mwanga wa dirisha. Doa lilikuwa limekwenda.

Nilipofika karakana jua lilikuwa bado juu. Kiti cha mama kilikuwa kama Mama Mvuke alivyokiacha, kimenigeukia, na juu yake leso aliyoisahau. Kikombe kilikuwa na alama ya gundi, mraba mdogo, na kile kikona kimoja cha fedha.

Nilichukua daftari jipya. Nikaweka karatasi kushoto, daftari kulia, nikaanza kunakili kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wangu. Nilipofika kwenye salamu mkono ulikimbia wenyewe: sita, thelathini, mia mbili na tano, tisini na sita, moja, tano.

Hapo nikausimamisha. Nikaweka kidole kwenye karatasi, nikasoma kilichoandikwa, ndipo nikaandika.